Gari la Maharusi Lililopakwa Tope

Pambo lisilotajwa halina mlinzi.

Mmeyasikia maneno hayo asubuhi hii kwa fundi rangi wa Majengo, mkanijia mnacheka, ati fundi yule ana maneno mengi kuliko kazi. Msicheke. Wewe Kibwana, mjukuu wangu na mume wangu wa utani, umelitia gari lako bawa la nyuma, umelipaka rangi ya buluu inayomeremeta, umelivika rimu zinazong'aa kama sufuria za bibi harusi. Fundi alipokuuliza kama wenye bima wanajua, ukamjibu kwamba bima haihusiki na urembo. Ndipo akakutupia methali. Na dada yako Amne anataka kujua ni ya wahenga gani.

Mhenga mwenyewe nilimjua. Nimekula mahamri kwake. Methali hii ni changa kuliko mimi, imezaliwa hapa hapa Mombasa, na mtu akija kuwaambia ni ya Unguja mleteni kwangu. Tena mkono wangu umo ndani yake, kwa aibu kwanza, kwa fahari baadaye. Kaeni niwaeleze ilivyotokea.

Kibokoni palikuwa na bwana mmoja akiitwa Kombo, mwenye gari aina ya Pijo. Alilinunua kuukuu, la kijivu, viti vimepasuka, na majirani wakamwambia amenunua banda la kuku. Alilipeleka gereji, likanyooshwa bodi, likapakwa rangi nyeupe ya tui la kwanza, likatiwa utepe wa nikeli ubavuni na rimu za kung'aa. Lilipotoka huko, waliosema banda la kuku ndio waliokuwa wa kwanza kuja kulikodi. Tangu hapo kazi yake ikawa moja tu, kubeba maharusi, na haikupita Jumamosi gari lile likakosa bibi harusi.

Lakini rangi na rimu, hata wengine walikuwa nazo. Kilicholifanya Pijo lile liwe la Bwana Kombo kilikuwa ndani.

Mkewe, Bi Mwanasiti, alikuwa mzaliwa wa Siyu, na alijua kudarizi kofia tangu utotoni. Hapa nataka mnielewe vizuri. Kofia moja nzuri humchukua fundi miezi mitatu, minne, na hiyo ni kofia tu, kitu cha kufunika kichwa. Mwanamke yule alidarizi vitambaa vya kufunika viti vyote vya gari, milango yote minne, na dari. Kitambaa cheupe, uzi wa dhahabu na wa kahawia, matundu madogo madogo yaliyozungushiwa sindano moja baada ya jingine. Kazi hiyo ilimchukua miaka miwili na miezi mitatu. Aliifanya mchana, baada ya chakula, na mlango umefungwa ili asionekane.

Kwa nini asionekane? Kwa sababu Bwana Kombo, mtu mpole, mwenye heshima zake, alikuwa mwoga wa jicho la watu. Watu walipomuuliza darizi zile zimetoka wapi, alijibu, "Zimeletwa." Akibanwa, alisema zimetoka Bara Hindi. Alimpenda mkewe, na katika kumpenda huko akaona kwamba mkono wenye kazi kama ile ukijulikana utatazamwa, na ukitazamwa sana utaingia ganzi. Bi Mwanasiti alimwachia. Aliniambia baadaye kwamba mwanzo jambo hilo lilimchekesha, kisha likamchoma, kisha akalizoea, na kulizoea ndiko kulikomuuma zaidi.

Mimi mwenyewe nililikalia gari lile. Nilipoolewa na babu yenu, ndilo lililonipeleka kwake, na shangazi yangu alinifinya mara mbili njiani kwa kuwa nilikuwa nikizipapasa darizi badala ya kulia. Bibi harusi asiyelia alikuwa aibu siku hizo. Basi nililia, lakini kwa kufinywa.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi ndogo ya bima, ghorofani, karibu na soko. Mabinti wa mtaani kwetu waliokaa mbele ya taipureta walihesabika, nami nilikuwa mmoja wao, na sikuona haya kupita barabarani na kalamu sikioni. Bwana Kombo alikuwa mteja wetu. Alikata bima kubwa, ile inayokulipa hata gari lako mwenyewe likiungua au likiibwa. Kila mwaka alitakiwa alilete gari, mkaguzi alitazame, kisha fomu ijazwe. Mkaguzi wetu aliitwa Bwana Mwaruwa, mtu wa Kwale, mnyoofu, mwenye kalamu mbili mfukoni na maneno machache.

Sasa lisikilizeni kosa ambalo nadhani ni sisi tu watu wa pwani tungeweza kulifanya. Mnajua mtoto mzuri akizaliwa hupakwa masizi kwenye paji la uso, ili hasidi asiuone uzuri wake. Basi wenye magari ya maharusi waliyafanyia magari yao vivyo hivyo. Siku ya kukaguliwa ikikaribia, waliyavua mapambo. Rimu nzuri zilitolewa zikarudishwa zile za zamani, viti vikavishwa plastiki, kisha bodi yote ikasilibwa tope mpaka madirishani, kama gari limetoka kulima mpunga. Bwana Kombo alilisiliba Pijo lake kuliko wote. Bwana Mwaruwa alikagua injini, breki, taa na magurudumu. Rangi aliiandika kama kitabu cha gari kilivyosema, yaani kijivu, kwa sababu chini ya tope lile hata zambarau usingeiona.

Si kwamba walitaka kumwibia mwenye bima. Kama ni kulipa zaidi, Bwana Kombo angelipa bila kununa. Alichoogopa ni karatasi.

"Fomu hii husomwa na watu wangapi?" aliniuliza siku moja.

Nikamwambia labda sita.

"Watu sita nisiowajua," akasema, "waisome mali yangu kipande kwa kipande. La, Bi Zeyana. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Nami nikaona amesema neno la busara. Ujana!

Ndani ya fomu palikuwa na swali: Je, gari limebadilishwa au kupambwa kwa namna yoyote tangu litoke kiwandani? Mwaka ule nilioolewa, miezi minne tu baada ya kuzipapasa darizi zile kwa vidole vyangu vyenye hina, Bwana Kombo alisimama mbele ya meza yangu akajibu, "Hapana." Nilimtazama. Alijua kwamba najua. Nikapiga herufi sita, Hapana, nikaivuta karatasi nikampa aweke sahihi, nikajiona nimemstiri jirani. Huo ndio mkono wangu niliowaambia umo ndani ya methali hii. Hiyo ndiyo sehemu ya aibu, na sijawahi kuwaficha watoto wangu, kwa hiyo na ninyi siwafichi.

Balaa lilikuja mchana kweupe, kwenye harusi ya Kisauni. Bwana Kombo alilirudisha gari kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa banda la makuti, ili bibi harusi apande bila kukanyaga vumbi, akaifungua milango yote minne. Hilo aliruhusu, harusini watu watazame, maana wanaotazama harusini wanamtazama bibi harusi. Nyuma ya banda wapishi walikuwa na masufuria matatu ya pilau juu ya kuni. Upepo ukageuka ghafla. Cheche zikarukia makuti, na kabla watu hawajamaliza kupiga kelele, nusu ya paa ilikuwa imeporomokea juu ya gari na kuingia ndani kwa ile milango iliyo wazi.

Hakuna aliyeumia. Bibi harusi alikuwa bado ndani ya nyumba akifungwa mtandio. Watu walimwaga maji, wakatupa mchanga, moto ukazima. Lakini kiti chote cha nyuma kilikuwa kimekwenda, dari imekwenda, milango miwili imekwenda, na rangi ya ubavu mmoja imetoka malengelenge. Bwana Kombo aliingiza mkono motoni akanyofoa kitambaa cha kiti cha mbele, kikatoka nusu. Mkono wake ulibaki na kovu mpaka alipokufa. Kisha, na hili lisimulieni kwa fahari popote mtakapokwenda, kabla hajautazama mkono wake alikwenda kumtafutia yule bibi harusi gari lingine. Binti wa watu alifika kwa mumewe kwa wakati.

Alipofika nyumbani alimpa mkewe kile kipande. Bi Mwanasiti alikitandaza mapajani, akaanza kuhesabu matundu yaliyosalimika. Hakulia. Alihesabu mpaka mwisho, akasema, "Mia mbili na kumi."

Sasa ikabaki bima. Gari lile ndilo lililowalisha. Bila kulipwa, Bwana Kombo asingeweza kulifufua, na bila gari alikuwa mtu wa kukaa barazani. Wenzake wa magari ya harusi wakamjia kumshauri, hasa mmoja akiitwa Twaha, mwenye magari mawili, yote yenye tope kila mwaka.

"Usiwe mjinga," Twaha akamwambia. "Sema vile vitambaa vilikuwa vya kuazima, vya siku ile tu, kama riboni na maua ya karatasi. Rangi sema umepaka juzi, hujapata nafasi ya kuwaarifu. Watakulipa bodi na viti, yataisha. Ukisema kweli watakwambia uliwaficha, na hutapata hata msumari."

Na Twaha hakukosea. Kanuni ilikuwa nyuma ya fomu, kwa herufi ndogo, nami nilikuwa nimeipiga chapa mara nyingi hata naijua kwa moyo. Anayeficha jambo kwa makusudi aliweza kunyimwa fidia yote.

Walikuja ofisini Jumatatu, mume na mke. Bi Mwanasiti alikuwa amevaa buibui lake jipya, na mapajani ameweka kile kipande kilichoungua, amekikunja upande mzuri ukiwa nje. Bwana Mwaruwa alifungua faili, akaisoma taratibu, kisha akaiweka kalamu chini.

"Bwana Kombo," alisema, "nimekwenda Kisauni, nimeliona gari. Na hapa nina karatasi. Karatasi yasema gari la kijivu, viti vya plastiki, halikupambwa. Nililoliona ni jeupe, na ndani yake vimeungua vitu ambavyo mimi sikuvikagua. Nieleze. Hivi vitambaa vilikuwa vyako, au viliazimwa kwa siku ile tu?"

Mnaona? Mlango alikuwa amemfungulia mwenyewe. Bwana Mwaruwa hakuwa mtu wa hila, aliuliza kwa sababu watu wengi huazima mapambo ya harusi. Neno moja tu lilitosha. Vidole vyangu vilikuwa juu ya taipureta vikilingoja, na Mungu anisamehe, nilikuwa namwombea alitamke.

Bwana Kombo alimtazama mkewe. Mkewe hakumtazama. Alikuwa anakikunjua kile kitambaa na kukikunja upya, na safari hii upande uliounguzwa ndio aliouweka nje.

"Havikuazimwa," akasema Bwana Kombo.

"Ni vyako?"

"Vyangu. La, si vyangu." Maneno yakamtoka kwa mkupuo. "Ni vya huyu. Huyu mke wangu ndiye aliyevishona, kwa mkono wake, miaka miwili na miezi mitatu. Watu niliwaambia vimetoka Bara Hindi. Nilisema uongo. Wewe nilikwambia havipo. Nikasema uongo tena. Sitakwambia leo kwamba viliazimwa, naye amekaa hapa."

Nikajikuta nimesimama. Hakuna aliyeniuliza kitu.

"Na mimi nilijua, Bwana Mwaruwa," nikasema. "Nilivikalia siku ya harusi yangu, kisha nikapiga Hapana."

Bwana Mwaruwa alitutazama sote watatu kama mtu aliyeletewa watoto wa wenzake waliovunja dirisha. Alichukua faili akaenda ndani kwa mkubwa wa ofisi. Tulikaa tukingoja, na katika kungoja huko Bi Mwanasiti aliukamata mkono wa mumewe, ule ulioungua, akaushika juu ya magoti yake mbele ya watu. Hawakuwa watu wa kushikana mikono ofisini, wala mtaani. Nikageuza uso nikajifanya natafuta karatasi.

Bwana Mwaruwa alirudi. Hakukaa.

"Nimekutetea," alisema. "Moto haukuletwa na rangi wala na darizi. Na umesema kweli pale uongo ulipokuwa rahisi. Mkubwa amekubali kulipa gari lililoandikwa kwenye karatasi, bodi na viti vya kawaida. Lakini hii..." Akakigusa kile kitambaa kwa mgongo wa mkono, polepole, nami nikaona kwamba mtu yule anajua kazi akiiona. "Hii siwezi kukulipa hata senti. Si kwamba haina thamani. Lakini mimi ni mlinzi tu, bwana. Siwezi kulinda nisichoambiwa kipo."

Ndipo Bi Mwanasiti akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Kwa hivyo," alisema, "pambo lisilotajwa halina mlinzi."

"Ndivyo, mama."

"Haya. Basi nitalishona upya. Na mara hii mutalitaja."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza nazi mbili. Hapo ndipo methali ilipozaliwa, wanangu, ofisini kwetu, mbele ya macho yangu. Mimi nilipata barua ya onyo na wiki mbili za kukaa nyumbani. Na kwa kuwa mpiga chapa wa ofisi nilikuwa mimi peke yangu, barua ile niliipiga mwenyewe. Haikuwa na kosa hata moja.

Bi Mwanasiti alianza kazi wiki ile ile, na safari hii alitoa mkeka akakaa barazani. Mlango wazi, mtaa mzima unapita. Bwana Kombo siku za mwanzo alikuwa akiingia na kutoka kama kuku anayetaka kutaga, akimtazama kila mpita njia usoni. Wanawake walisimama wakaangalia, wengine wakakaa, wengine wakaomba wafunzwe. Mkono haukuingia ganzi. Baada ya mwezi mmoja Bwana Kombo naye akakaa mkekani akaomba sindano. Mshono wake ulikuwa mbaya, ukafumuliwa mara tatu, hatimaye akapewa kazi ya kuchora maua kwa penseli, na hiyo aliiweza. Wanaume walimcheka wiki moja. Wiki ya pili wakaanza kumletea chai.

Kazi ilikwisha kwa mwaka mmoja na miezi minane, na ilikuwa bora kuliko ya kwanza. Nasema hivyo mimi niliyeikalia ya kwanza.

Siku ya ukaguzi, Bwana Mwaruwa alikuja mwenyewe Kibokoni, nami nikaambatana naye na makaratasi. Pijo lilikuwa limeoshwa, jeupe, rimu zake nzuri ziko mahali pake, milango yote minne wazi. Bwana Mwaruwa alilizunguka mara mbili. Rangi aliijua bei yake, rimu alizijua, utepe wa nikeli aliujua. Alipofika kwenye darizi akasimama.

"Thamani ya hii, mama, siijui," alisema. "Itaje wewe."

Bi Mwanasiti akataja. Ilikuwa bei kubwa, na mtu mmoja kati ya waliosimama pale akaguna. Bwana Mwaruwa hakuguna. Alisema yeye si fundi wa darizi, na akaomba waitwe wazee wawili wanaouza kofia, watu waliotumia maisha yao yote katika kazi ile. Walikuja na miwani yao. Waliinama ndani ya gari, mmoja huku, mmoja kule, wakapitisha vidole kwenye matundu, wakageuza kitambaa wakatazama upande wa nyuma, maana fundi wa kweli hujulikana kwa upande wa nyuma. Walikaa humo mpaka Bwana Kombo akaanza kufuta jasho.

Mkubwa wao alitoka akavua miwani.

"Bei hii si yake," alisema.

Bwana Kombo aliinamisha kichwa. Bi Mwanasiti alikaza buibui lake.

"Mama huyu amejipunja," mzee akaendelea. "Ongezeni nusu ya hiyo juu yake, na hapo mtakuwa mmemwonea kidogo tu."

Vigelegele vilivyopigwa mtaani pale vilisikika mpaka Makadara! Bwana Mwaruwa aliandika. Bima ya Bwana Kombo ilipanda mwaka ule, akailipa bila kukunja uso. Fomu ilikuwa na mistari miwili tu ya kueleza mapambo, haikutosha, nikaongeza karatasi nzima. Nilipofika mahali pa fundi niliuliza, "Niandike nini?" Bwana Kombo na Bwana Mwaruwa walijibu kwa pamoja, na jina walilolisema likawa moja. Nililipiga kwa herufi kubwa. Katika miaka yote niliyofanya kazi, hakuna karatasi niliyoipiga kwa raha kama ile.

Sahihi zilipokwisha kuwekwa, Bwana Kombo alimwendea mkewe akamwonyesha kiti cha nyuma.

"Panda."

"Mimi?" akasema Bi Mwanasiti. "Kwani n'na arusi leo?"

Alikuwa hajawahi kulipanda gari lile likiwa limepambwa. Siyu alikoolewa alikwenda kwa mumewe kwa miguu, mchangani, na kiti cha nyuma cha Pijo kilikuwa cha maharusi wa watu. Bwana Kombo hakubishana naye. Alisimama tu ameushika mlango mpaka mkewe akapanda. Akateremsha vioo vyote, akaendesha polepole kutoka Kibokoni, akashika njia ya Makadara kuelekea Majengo, nasi tukafuata kwa miguu kama msafara, wanawake wa baraza, wazee wa kofia, hata Bwana Mwaruwa na kalamu zake.

Penye maduka, mtu mmoja akapaza sauti: "Bwana Kombo! Leo wamchukua bibi harusi wa nani?"

Bwana Kombo akalisimamisha gari katikati ya barabara. Nyuma yake magari yakaanza kupiga honi. Alitoka, yule mtu mpole aliyeogopa watu sita wa karatasi, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada ya siku ile:

"Si bibi harusi. Ni fundi! Darizi zote muzionazo humu ni kazi yake. Ni mke wangu, Mwanasiti binti Famau, wa Siyu. Njooni mutazame mpaka mutosheke."

Wakaja. Walilizunguka gari lile pande zote, wakachungulia madirishani, wakazishangaa darizi, wakamshangaa yeye. Bibi harusi akitazamwa hivyo huinamisha uso, ndiyo desturi. Bi Mwanasiti aliuinua uso wake, akawaacha watazame.

Tangu mwaka ule hakuna gari la maharusi lililoletwa ofisini kwetu na tope, hata yale mawili ya Twaha yalikuja yameoshwa. Nenda, Kibwana, mume wangu, kawaambie wenye bima yako juu ya hilo bawa na hizo rimu na hiyo buluu. Na wakikuuliza nani amelipaka, litaje jina la yule fundi uliyekuwa unamcheka, ulitaje lote, jina lake na la babake.

Pambo lisilotajwa halina mlinzi.